Mama, Taja Jina la Shofere

Ninyi munaonifuata hapa gazetini kila juma munajua pale tuliishia. Moto, ile pikipiki ya kubeba watu, ilianguka na Muzee wangu, bwana yangu, juu ya mawe ya Ndosho, goti lake likavunjika, na yule aliyemubeba akainua moto yake akakimbia bila kuuliza kama mutu iko muzima. Tangu ile siku muguu umekataa kukunjwa. Mutu asiyekunja muguu hapandi moto. Na kwetu Lac Vert, mutaa wa pembeni mwa Goma, mutu asiyepanda moto ni mufungwa wa nyumba yake mwenyewe.

Mulinitumia pole, aksanti sana. Lakini shida zangu hazijui kupumuzika. Leo naleta ingine, na hii sikufanyiwa na mutu. Nilijifanyia, kwa mudomo wangu.

Kwanza muelewe habari ya gari.

Kuna kijana wa kartie yetu, wa mutaa huohuo, Célestin. Gari yake ni kukuu, mulango mumoja unafungwa na kamba, lakini ina akili kupita magari ya mujini. Haisimami parkingi kupigia watu kelele. Unamubipa: simu inalia mara moja, unakata. Anaona ni nani, anakuja mpaka mulangoni pako. Njiani anaokota jirani yangu Séraphine na mifuko yake ya makala ya kupikia, anaokota mama mwenye mutoto mugonjwa, anaokota mwalimu. Kila mutu anabipa pale iko, na Célestin anapanga ndani ya kichwa chake nani apitiwe kwanza.

Kiti cha mbele anakisukuma nyuma kabisa. Muzee ananyoosha muguu wake kama mukubwa wa serikali. Ile gari njo ilikuwa inamupeleka hospitali kufungwa kidonda cha goti kila juma. Hakuna ingine ingemufikia.

Sasa biro ya magari, ile ofisi ya serikali, ikaleta sheria.

Sitasema sheria ni mubaya. Kwa kartie ingine musichana aliita gari, gari ikakuja, kumbe shofere hakuwa yule anayemujua. Akarudi kwao kwa muguu, bila sakoshi, bila viatu. Wakubwa wakasema basi: gari yote ya kuita kwa simu, yenye kuchanganya watu, iwe na otorizasio. Shofere avae gile, kizibao chenye namba. Kila kartie ianze na gari moja tu. Yenye haina ruhusa, inafungiwa ndani ya kiwanja cha biro, na kuitoa mule ni kama kutoa jino ya mamba.

Lac Vert walitaka wawili. Célestin, na Paulin.

Paulin gari yake ni mupya, iko na viti vya kitambaa. Lakini ukimuita anakwambia: "Shuka mpaka barabara, mawe yenu itaniharibia lastiki." Sasa wewe mwambie Muzee wangu ashuke mpaka barabara.

Biro ilisema abiria wa kila gari wachague musemaji mumoja, akuje kushuhudia shofere wao. Tulikutana kwa Séraphine.

"Mama Rosette njo atasema," Séraphine alisema. "Njo mukubwa wetu, njo anapanda kila juma, na hana haya ya watu wa biro."

Nilikubali. Tena nilifurahi. Nilipiga pasi kitenge changu cha Noeli. Nilikubali shida kama mutu anayekubali chai.

Asubuhi Muzee alimubipa Célestin mwenyewe. Ilikuwa siku yake ya kidonda, tulisema tutapita kwanza kwa biro, kisha hospitali. Ile biro ni nyumba ya mbao, kama nyumba nyingi za Goma, mbao zenye kuachana: upepo unaingia, habari inatoka. Célestin alisimamisha gari kando ya ukuta, mahali pa kivuli. Muzee alibaki ndani, kofia juu ya macho.

"Lala kidogo," nilimwambia. "Haitakawia."

"Mimi ninalala tayari," alijibu.

Ndani, aliyekuwa akiongoza ni Madame Apolline. Alitoka mbali, Kiswahili chake kilinuka Kilingala, na Kinyarwanda hakukisikia hata neno. Hakuwa mutu mubaya. Alikuwa amechoka, nilimuona tu: mutu aliyechoka anamutambua mwenzake.

"Ba mama na ba papa, munihurumie," alisema. "Hii juma yote batu bananiletea abiria wa kukodi. Wamepewa mandazi na fanta, wanakuja kuniambia banajua shofere. Jana mumoja alikuwa na jina imeandikwa mu kiganja, jasho ikaifuta, akasoma kiganja chake mpaka akalia. Basi: hakuna karatasi, hakuna kunong'oneza. Musemaji mumoja anasimama, anataja jina yote ya shofere kama iko ku karte yake ya elektere, ile ya kupigia kura. Mutu anakubeba kila juma, jina yake unaijua. Ao uongo?"

"Si uongo!" tulijibu wote.

Hata mimi nilijibu. Nilijibu kwa nguvu.

Njo pale nikakumbuka jina lote la Célestin.

Ninyi wenye si wa kwetu, niwaeleze. Sisi muke akiolewa, hataji jina la baba mukwe wake. Tunaita gutsinda. Mukwe akiwa muzima, hulitaji. Akiwa amekufa, ndiyo hulitaji zaidi. Na mutu mungine akiwa na lile jina, jirani, mwalimu, hata askofu, unapita kando, unamutafutia ingine. Maneno yenye kufanana nalo, hayo pia unayakimbia.

Baba mukwe wangu, jina lake linaishia na jina la Mungu kwa Kinyarwanda. Njo maana mimi nasali kwa Kiswahili. Kwa Kinyarwanda nusu ya sala ingenibaki mudomoni. Padri mumoja alizani mimi ni mupagani.

Na Célestin, jina alilopewa na baba yake ni lilelile. Si ndugu yetu, hapana. Ni vile Mungu alitembelea nyumba mbili, kila nyumba ikamushukuru kwa neno moja. Mimi namwita Célestin, basi. Watu wakimwita na lile lingine, mimi natafuta kitu chini.

Siku ya kunichagua kuwa musemaji, nilifikiri nitaulizwa kama anaendesha polepole. Nilifikiri nitaulizwa kama anakunywa. Majibu yangu nilikuwa nayo tayari. Kutaja jina, hata kichwani hakukunipitia.

Walianza na watu wa Paulin. Musemaji wao alikuwa Joyeuse, mwenye kuuza avoka Ndosho. Ile gari ya Paulin hakuipanda hata siku moja. Yeye na avoka zake wanaishi palepale, wanalala palepale.

"Taja jina la shofere."

"Bahati Mirindi Paulin!" Alitapika yote bila kupumua, kama mutoto wa katekismu.

"Aksanti, Mama. Kaa. Watu wa Célestin?"

Nilisimama.

"Mama, taja jina la shofere."

"Célestin."

"Célestin nani? Ba Célestin niko nabo tele hapa."

"Célestin wa Lac Vert."

"Lac Vert si jina ya mutu, Mama."

"Mutoto wa yule papa mwenye alikuwa anashona matela ya kulalia. Mwenye nyumba ya bati ya bulu. Mama yake alikuwa mwimbaji…"

Watu walianza kucheka. Célestin alisimama kando ya mulango, mikono nyuma, amekatazwa kusema. Aliniangalia kama mutu aliye ndani ya maji anavyoangalia mutu aliye na kamba.

"Mama," Madame Apolline alisema. "Sikuuliza nyumba. Nauliza jina."

Njo nikatafuta njia ya kando. Lile jina lina maana, majina yetu yote iko na maana. Nikasema polepole:

"Jina yake, kwa Kiswahili, ni Tulikuwa-na-Mungu."

Nyumba ilipasuka kwa kicheko. Wenye kusikia Kinyarwanda walielewa palepale. Muzee mumoja wa kona alijipiga kwa paja: "Eeh, mama wa watu! Amelizunguka kama shimo ya barabara!"

Madame Apolline aliangalia kadi ya Célestin, akaigeuza, akaangalia nyuma.

"Hii ni jina ao ni kanisa?"

"Madame, hata mimi niko Tulikuwa-na-Mungu!" Paulin alisema. "Sisi wote hapa! Ni wewe, ni huyu, ni yule! Huyu koko, huyu bibi, ni wa kukodi. Walimukodi jana, hawakumaliza kumufundisha!"

Wa kukodi, mimi. Mimi ninayejua ile gari inakohoa wapi na inatulia wapi. Na Joyeuse, aliyekuwa akijua gari ya Paulin kwa macho tu, amekaa na miguu imepishana, anajipepea.

Séraphine alishindwa kuvumilia. "Madame, huyu mama anatsinda!"

"Anashinda?" Madame Apolline alishangaa. "Anashinda nani? Mimi naona anashindwa."

Kicheko kingine. Hata Célestin, masikini, midomo ilimutoroka kidogo.

"Hapana, Madame, gutsinda! Ile jina ni ya baba mukwe wake. Ni mwiko. Hawezi kuitaja!"

"Ni ya zamani hiyo!" Paulin alisema. "Nani anafanya bado? Binti zenu wanaita wakwe wao kwa simu, na jina, na kicheko juu!"

"Binti yako labda, Paulin. Usiingize binti za watu," Séraphine alimujibu.

"Tulieni." Madame Apolline alinikaribia. Alishusha sauti, tukabaki kama wanawake wawili kwa kisima. "Mama, ni kweli?"

"Ni kweli, mwanangu."

"Unamujua huyu kijana?"

"Namujua kuliko wengine wanavyojua watoto wao wa kuzaa."

Alikubali kwa kichwa. "Nasadiki. Lakini unisikie na wewe. Nikiandika kwamba musemaji alikataa juu ya heshima, kesho wa kukodi wote watakuja na heshima. Kila mutu atakuwa na baba mukwe. Nitawatenganisha na nini?"

Mulishaona sheria yenye haki, na ninyi pia muko na haki, na hakuna mahali pa kupitisha haki mbili? Ni kama gari mbili kwa daraja moja.

"Niandike?" nilimuuliza. "Shule nilifika kidogo, lakini kuandika najua."

"Karatasi nilikataza mbele ya wote. Ni mudomo. Kila mutu asikie."

"Mungine asimame?" Séraphine aliuliza.

"Musemaji amekwisha kuandikwa. Ni yeye, ao ni Paulin. Na gari ya Célestin, kama haipati, haitoki hapa leo. Si iko pale inje? Itaingia kiwanjani."

Gari iko pale inje. Ndiyo. Na Muzee wangu ndani yake, na muguu wake wa kunyoosha.

Sasa niseme vile kulitaja kunagharimu, musifikiri nilikuwa nacheza.

Kwa familia ya Muzee, muke akilitaja, siku ileile anarudi kwao. Si kufukuzwa. Ni kurudi. Kwao wanamukaripia, wanapika pombe ya ndizi, ndugu zake wanamurudisha kwa bwana, wanaomba pole, watu wanakunywa, neno linakwisha. Muke wa ndugu yake Muzee lilimutoka siku moja ndani ya kilio. Alienda, akarudishwa, tena alirudi amenenepa.

Lakini mimi kwetu ni kule milima ya Masisi. Nyumba haiko. Kaka yangu mumoja alifia ndani ya hema kule kambi ya Kanyaruchinya, wengine vita iliwatawanya, sijui hata kama wanapumua. Kurudi naweza. Wa kunirudisha njo hawako.

Na kuna Muzee.

Muzee alipoteza ng'ombe. Akapoteza shamba. Kaburi ya baba yake hatuwezi kuifikia, labda imemea michongoma. Kitu kimoja hakuna mutu alikuja na bunduki kukichukua: kwamba muke wake halitaji lile jina. Hakusema hata siku moja, lakini mimi nilikuwa nikiona. Wageni wakiwa nyumbani, mimi nikilipita kando, Muzee alikuwa anakohoa kidogo, anakaa sawasawa kwa kiti, kama mutu ambaye boma yake ingali imejaa.

Nilifikiri: nikinyamaza, heshima yake inabaki, na yeye anabaki nayo kitandani, kidonda kinaoza, hakuna gari ya kumutoa. Nikisema, gari inabaki.

Nilifikiri tena: amelala. Kofia iko juu ya macho. Hatasikia.

Njo hii natubu kwenu. Si kwamba nilisema. Ni kwamba nilijidanganya amelala.

Nilifunga macho, nikalisema.

Lilitoka dogo, kavu, kama mbegu ya papai. Sikusikia vizuri hata mimi.

"Sauti, Mama," Madame Apolline alisema. "Nyuma hawakusikia."

"Mwanangu, nimelisema."

"Najua. Waliokaa nyuma watasema nilikupendelea. Mara moja tu. Sauti."

Nililisema tena. Lote, mbele ya wote, kwa sauti ile naitia wajukuu kutoka ziwani. Mbao zile zikalipokea, zikalitoa inje.

Hapa siliandiki. Nililisema siku moja, yatosha.

Watu walipiga makofi. Wale wa kwetu hawakupiga. Yule muzee wa kona, aliyekuwa akicheka, alivua kofia yake akaangalia chini. Séraphine aliweka mukono kwa mudomo. Hata Joyeuse aliacha kujipepea.

Madame Apolline aligonga muhuri. Akamuvalisha Célestin gile ya manjano yenye namba, akamupa karatasi yake.

"Unisikilize vizuri," alimwambia. "Hii ni ya Lac Vert mpaka mujini. Mwisho wako ni kile kibao kipya pale Lac Vert, kwa njia ya Sake. Ukikipita na abiria, otorizasio inakufa palepale, gari inachukuliwa, na usikuje kunililia."

"Ndiyo, Madame."

"Na huyu mama, umutunze. Amekulipia bei."

Célestin alinishika mikono miwili, akainama kama mutu anayepokea komunyo. "Mama, sijui niseme nini."

"Usiseme kitu," nilimwambia. "Twende, Muzee anangoja kidonda."

Tulitoka. Jua lilikuwa juu ya vumbi. Kioo cha gari, upande wa ukuta, kilikuwa kimeshushwa mpaka chini.

Kofia haikuwa juu ya macho. Ilikuwa juu ya magoti.

"Muzee, tumeshinda!" Célestin alisema na gile yake. "Tuko na namba! Mama amepigana!"

"Nilisikia," Muzee alisema.

Tulienda hospitali, akafungwa kidonda, muuguzi akamuuliza kama inauma, akajibu: "Hapa haiumi." Nilimushika mukono kumusaidia kutoka. Hakuukataa mukono wangu. Hakuukamata pia. Aliuacha pale kama kitu cha mutu mungine.

Kurudi, gari ilijaa kama siku zote. Séraphine na mifuko yake mitupu, mwalimu, na mama mumoja na mutoto wake. Célestin alikuwa na furaha, kila mutu anamuonyesha gile. Pale Ndosho, polisi wa barabara walimusimamisha, wakaona namba, wakamupungia apite. Hiyo haikuwahi kumufikia.

"Leo hatukupoteza hata dakika," mwalimu alisema. "Sheria nzuri hii."

"Nzuri sana," Séraphine alijibu, na aliniangalia mimi.

Mwalimu alishuka. Mama na mutoto wake wakashuka. Séraphine alishuka wa mwisho, kwa njia ya kwake. Alizunguka gari mpaka dirisha langu, akaninong'oneza: "Ukihitaji kulala kwangu, mulango sifungi." Kisha akaenda haraka, kama mutu aliyeiba.

Tukabaki watatu. Mimi kiti cha nyuma, Muzee mbele na muguu wake, Célestin kati ya kufurahi na kutofurahi, maana hata yeye alianza kusikia ile baridi.

Njia ya kwetu inapinda kutoka barabara kubwa ya Sake na Masisi, kabla kidogo ya kufika kile kibao. Célestin aliweka klinyota, ile taa ya kupinda.

"Usipinde," Muzee alisema.

"Muzee?"

"Usipinde. Songa mbele."

"Lakini Muzee, nyumbani ni hapa."

"Nyumbani napajua. Hii gari si ni ya kuita? Nani alikubipa asubuhi?"

"Ni wewe, Muzee."

"Basi ninasema pale inaenda. Peleka mama kwao."

Célestin alipunguza mwendo mpaka gari ikawa inatambaa. Nyuma yetu kamioni ilipiga honi.

"Kwao wapi, Muzee?"

"Yeye anajua."

Nilishika mugongo wa kiti chake. "Muzee," nilisema, "kwetu hakuna mutu. Unajua hakuna mutu."

"Najua."

"Nani atanirudisha?"

Hakugeuka. Shingo yake niliiona tu, nyembamba, na kola ya shati niliyomufulia mwenyewe. Mukono wake ulikuwa umekamata ile kamba ya mulango kwa nguvu.

"Muzee, tafazali," Célestin alisema, na sauti yake ilikuwa ya kulia. "Kibao ni kile pale. Watu wa biro wamesimama chini yake, unawaona? Nikikipita na ninyi, otorizasio inakufa. Hata siku moja haijamaliza. Na Mama aliitafuta kwa… Mama aliitafuta kwa…"

Lile neno hata yeye lilianza kumuogopesha, na ni jina lake.

"Nikushushe basi kwanza, Muzee?" aliuliza. "Wewe ubaki nyumbani, mimi na Mama tuone kesho?"

"Mimi sishuki."

Hapo sikuelewa. Mutu anayemurudisha muke kwao haendi naye. Anabaki mulangoni, anageuka, anaingia ndani. Njo desturi. Nilimuangalia huyu muzee na muguu wake wa kunyoosha, na kule milimani ambako hata moto inaogopa kupanda, na sikujua kama ananitupa ao njo yeye mwenyewe atakayenirudisha.

Célestin aligeuka nyuma. Jasho lilikuwa limeshuka mpaka ndani ya gile mupya.

"Mama, ni wewe ulinipa hii namba. Basi sema wewe. Ukiniambia nipinde, ninapinda. Ukiniambia nisonge, ninasonga, na waichukue. Sema tu neno moja."

Nilifungua mudomo.

"Asiseme," Muzee alisema. "Leo amesema ya kutosha."

Gari ikapita njia ya kwetu. Niliona bati ya nyumba yangu kwa dirisha, niliona sahani za asubuhi zimeanikwa juu ya mawe, na mbele mutu wa biro ameinua mukono tusimame. Yenye ilifuata, juma lijalo.